Shem, daraja la reli na GPS ya lori ya bei nafuu: kisa kizima

Simu iliingia saa kumi na moja alfajiri. Shemeji yangu, dereva wa lori, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani: "Shem, niko mbele ya daraja la reli. Kupita siwezi, kurudi siwezi." Kibao cha daraja kimeandikwa mita 3.8, trela lake lina mita 4 na kitu, nyuma yake foleni ishaanza kupiga honi, na semi-trela ya mita 16 sio kitu unachogeuza kama bodaboda. Ilimchukua saa moja na nusu kurudi kinyumenyume huku watu baki wakimwongoza kwa mikono, mzigo ukafika umechelewa, na bosi alichosema sitakiandika hapa.

Naandika kisa chote kwasababu kilichofuata, yaani kutafuta GPS ya lori kwa hela ndogo, kilituchukua wiki kama tano na tukakosea mara mbili, na kosa la kwanza lilikuwa langu mimi, wala sio lake.

Kwanza hali yenyewe ilivyokuwa. Shem aliendesha lori dogo la mzigo kwa miaka kadhaa, njia zilezile kila wiki, simu yake imebandikwa kwenye kioo na ramani ya kawaida inamwongoza, hajawahi kupata shida. Afu akapanda cheo, akapewa semi na njia mpya kabisa, simu ikabaki ileile na ramani ikabaki ileile. Hapo ndo tatizo lilipozaliwa. Google Maps na Waze hazina sehemu ya kuiambia kwamba una mita 4 juu na tani 40 chini, kwao wewe ni gari dogo tu linalokwenda kazini, na gari dogo kwenye daraja la mita 3.8 linapita likiimba. Kwahiyo ile ramani haikumdanganya shem, ilimpa njia sahihi kabisa ya gari ambalo hakuwa nalo.

Bajeti yake sasa. Tuliangalia bei ya kifaa kipya cha lori cha kampuni kubwa (Garmin wana familia yao ya dēzl, TomTom wana GO Expert, Rand McNally wana TND) na tukaona hela aliyonayo inafika kama asilimia 40 ya hiyo. Sio bajeti ya kulia, ila pia sio ya kuchagua.

Hapo ndo nikaingia mimi na ujuaji wangu. Nikaona mtandaoni kile kifaa cha inchi 7, kimeandikwa kwa herufi kubwa GPS YA LORI, ramani bure maisha yote, nyota nyingi, bei chini kabisa ya bajeti. Nikamwambia chukua hiki shem, utabaki na chenji. Jina la muuzaji nalihifadhi. Kikafika, kizuri kweli kwa macho, skrini inang'aa, na kwenye setingi kuna picha ya lori na sehemu ya kujaza urefu wa kwenda juu, upana, uzito, ekseli, kila kitu. Tukajaza. Tukakipa safari ya kutoka sehemu tunayoijua mpaka ng'ambo ya lile daraja lililomtesa. Kikampitisha chini ya daraja lilelile! Bila hata kulia.

Nilikaa na kile kifaa usiku mzima na hapo nikaelewa kitu ambacho naona wengi hawakijui. Ndani kulikuwa na Windows CE 6.0, mfumo wa mwaka 2006 ambao Microsoft waliacha kuuhudumia kabisa mwaka 2018, na juu yake programu ya ramani ambayo kwa kila dalili ilikuwa imenakiliwa kimagendo. Sehemu ya kujaza vipimo ilikuwepo kweli na programu ilikuwa inavisoma, ila ramani yenyewe haikuwa na vipimo vya barabara. Unaelewa? We unamwambia "mimi nina mita 4", naye anakwenda kutafuta kwenye ramani barabara zipi haziruhusu mita 4, anakuta pameachwa wazi, basi kwake pameruhusiwa. Ni sawa na mlinzi wa geti anayekuuliza jina, ukamtajia, akaangalia daftari tupu, akafungua. Na ile ahadi ya ramani maisha yote, ukiuliza maisha ya nani hupati jibu, tuliyoikuta mle ndani ilikuwa na barabara za zamani ambazo zilishabadilishwa mzunguko.

Sasa niseme kidogo kuhusu setelaiti maana watu wengi hununua GPS kwa kuangalia hapo. Shem naye aliniuliza, "hii ya bei ghali si inashika setelaiti vizuri zaidi?" Hapana bana. Setelaiti za GPS zinazunguka kilomita kama 20,200 juu yetu na kifaa kinahitaji kusikia angalau nne ili kijue kiko wapi, na tangu Mei 2000 Marekani walipoacha kuyaharibu makusudi yale mawimbi ya raia, hata simu ya kawaida mahali pa wazi inakukosa kwa mita 5 hivi tu. Kifaa cha bei ya chini, cha bei ya juu, simu ya mkononi, wote wanasikia setelaiti zilezile. Kujua ulipo siku hizi ni rahisi. Unachonunua kwenye GPS ya lori ni yule mtu aliyepita kwenye barabara akapima daraja, akaandika kibao kinasema tani ngapi, akaingiza kwenye ramani, na anayerudi mwaka ujao kuangalia kama bado ni vilevile. Hiyo ndo gharama. Skrini na plastiki ni senti tu.

Kile kifaa baadaye tulikirudisha, kwa mbinde. Na hapo tukaacha kuamini maelezo ya wauzaji, tukatunga mtihani wetu. Mtihani wenyewe wa kienyeji mno lakini ndo sehemu ninayojivunia katika kisa hiki chote, na mtu yeyote anaweza kuufanya bila hela. Nilimwambia shem aniandikie sehemu tano anazozijua kwa macho yake, ambazo lori lake haliruhusiwi au haliwezi kupita na gari dogo linapita. Akaandika: lile daraja la reli, daraja jingine la mto lenye kikomo cha uzito, barabara ya makazi yenye kibao cha kukataza malori, kona moja kali ambayo trela linapanda ukingo, na njia ya mkato ambayo juu kuna kizuizi cha chuma. Kila kifaa au programu tunayoifikiria, tunaijaza vipimo vya lori, afu tunaiomba njia ambayo mkato wake wa asili unapita hapo. Ikizunguka, imefaulu. Ikikatiza, imefeli.

Kile cha kwanza, kabla ya kukirudisha, kilipata moja kati ya tano, na hiyo moja nadhani ni bahati tu.

Tukajaribu OsmAnd kwenye simu yake, programu ya ramani ambayo ina wasifu wa lori na unaweza kujaza urefu wa kwenda juu na uzito, na ramani yake unaishusha ukaitumia bila bando. Ramani ni ya OpenStreetMap, yaani inachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima, kila mmoja anaandika anachokijua. Hapo ndo uzuri na ubaya wake. Lile daraja la reli lilikuwepo na urefu wake umeandikwa sawasawa, kumbe kuna mtu wa Mungu alipita akaliandika. Daraja la mto halikuwa na uzito. Kwa jumla mbili kati ya tano. Ila, na hili nalipenda, shem aliingia akaandika mwenyewe vikomo viwili kati ya vile vilivyokosekana, na baada ya muda ramani mpya ilipotoka vikawemo. Kwenye ramani ya kampuni huwezi kufanya hivyo, unatuma ripoti na kusubiri.

Afu tukajaribu programu za kulipia za lori, zile aina ya Sygic Truck au CoPilot Truck ambazo unalipa kwa mwezi au kwa mwaka. Tuliyoijaribu kwa siku za bure ilipata nne. Nne! Shem akafurahi akataka tumalize hapohapo. Mi ndo niliyemzuia, na sababu zangu zilikuwa hizi. Moja, hesabu: ada ya mwaka ilikuwa inaonekana ndogo, lakini ukiizidisha kwa miaka mitatu inapita bei ya kifaa kizuri kilichotumika. Mbili, simu yake ni ndogo, akihitaji skrini kubwa inabidi anunue tableti, na hapa kuna mtego ambao umeshawanasa wengi, tableti nyingi zile za Wi-Fi tupu hazina GPS ndani kabisa. iPad ya Wi-Fi kwa mfano haina, mpaka uchukue ile yenye laini. Unanunua kitu kizuri, unakipandisha kwenye lori, kinakaa kimya. Tatu ni joto. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35, na nyuma ya kioo cha lori lililosimama juani nyuzi 35 ni mzaha, huku simu inachaji, skrini iko wazi mwanga wa mwisho, na GPS inafanya kazi. Itazima. Na itazima ukiwa kwenye mzunguko wenye njia sita.

Sisemi programu ni mbaya. Kama tayari una simu kubwa nzuri na lori lenye kiyoyozi, au unaendesha miezi mitatu tu kwa mwaka, lipa kwa mwezi, usinunue chochote. Kwa shem anayelala barabarani wiki tatu kwa mwezi hesabu ilikataa.

Ikabaki njia ya nne, kifaa halisi cha lori cha kampuni inayojulikana lakini kilichotumika. Hapa nataka nikae kidogo maana ndo tulipoishia, na kununua kitu cha namna hii kuna vitu vyake vya kukagua ambavyo sio vya simu.

Cha kwanza kabisa ni kama kampuni bado inatoa ramani mpya za bure kwa modeli hiyo. Sio kwa kampuni, kwa MODELI hiyo. Unaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, unatafuta modeli, unasoma. Tuliacha kifaa kimoja kizuri sana cha bei nzuri kwasababu modeli yake ilishaachwa. Na hata kama ramani zipo, uliza nafasi, maana ramani zimekuwa zikinenepa mwaka hadi mwaka na vifaa vya zamani kumbukumbu yake ya ndani haitoshi tena, inabidi kiwe na sehemu ya kadi ya microSD. Chetu kilikuwa nayo.

Cha pili ni tarehe. Hili watu hulicheka lakini lina maana. GPS inahesabu wiki kwa tarakimu zinazofika 1,024 afu inarudi sifuri, kila baada ya miaka kama 19 na nusu hivi, na mara ya mwisho kurudi sifuri ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vilichanganyikiwa, tarehe ikarudi nyuma miaka, muda wa kufika ukawa kichekesho. Kwahiyo ukikutana na muuzaji, toka nje mahali pa wazi, washa, subiri kishike setelaiti, angalia tarehe na saa. Kikikuonyesha mwaka wa ajabu, mrudishie kwa heshima. Na kama kimekaa kabatini muda mrefu kinaweza kuchukua dakika kadhaa kabla hakijashika, usikikatie tamaa baada ya sekunde 20.

Cha tatu betri. Za ndani huwa zishakufa kwenye vifaa vya namna hii, na kwa lori haina shida sana kwasababu kinakaa kwenye chaja muda wote. Tusipoteze muda hapo.

Kifaa tulichopata kilikuwa cha inchi 7, bei kama asilimia 35 ya kipya. Kwenye mtihani wetu kikapata nne kati ya tano, sawa na ile programu ya kulipia, ila cha ajabu kilichofeli sio kilekile. Programu ilifeli kwenye kile kizuizi cha chuma, hiki kikafeli kwenye kona kali. Hapo nikajifunza kwamba hakuna ramani iliyo kamili na nne ndo alama ya kuridhika nayo.

Sasa kosa la pili. Hili ni la shem, amenipa ruhusa niliandike. Nilimnunulia kifaa, nikampa, nikamwambia we jaza vipimo vyako mwenyewe maana lori unalijua. Wiki ya kwanza chaja ikaungua. Kumbe ile chaja haikuwa ya asili, muuzaji alitupa ya gari dogo, na malori makubwa mengi yanatumia volti 24 (betri mbili za 12 zimeunganishwa), na injini ikiwa inawaka umeme unafika kama 28. Chaja ya volti 12 tupu hapo haina maisha. Angalia maandishi madogo kwenye chaja, lazima iseme 12-24V. Akaazima waya wa USB wa kawaida, kifaa kikaonyesha picha ya kompyuta na kugoma kuongoza, kwasababu baadhi ya GPS ukiichomeka kwa waya wa kawaida inadhani imeunganishwa na kompyuta, inataka waya wake. Siku tatu alirudi kwenye simu.

Lakini chaja ni jambo dogo. Kubwa lilikuwa vipimo. Alijaza mita 4.00 kwasababu karatasi za trela zinasema 4.00. Nikamuuliza, ulipima? Akacheka. "Shem, karatasi si ipo?" Nikamlazimisha apime. Tukapata mita 4.09. Sababu yenyewe ni kwamba kichwa kipya alichopewa pale trela linapokaa kiko juu kidogo kuliko kile cha zamani, mbele ya trela ikanyanyuka, na zaidi ya hapo trela lilikuwa tupu, na trela tupu linakaa juu kuliko lililobeba maana springi na matairi hazijakandamizwa. Madereva wengi wanapima likiwa na mzigo, wanashusha mzigo, wanarudi tupu, wanagonga daraja walilopita asubuhi salama. Kwahiyo pima tupu, pima sehemu ya juu kabisa, hata kama ni bomba au mashine ya baridi, ongeza sentimita kadhaa, ndo ujaze.

Na kwa wanaotumia futi, kuwa makini na nukta. Futi 13 na inchi 6 ambayo ni mita 4.11 sio sawa na futi 13.6. Tofauti ni inchi moja na kidogo, lakini inchi moja kwenye daraja ndo paa lako hilo.

Kuna watu watasema vibao vipo barabarani, dereva afungue macho. Ni kweli, na GPS haikuondolei wajibu. Ila kuna daraja moja maarufu la reli Durham, North Carolina, lilikuwa na urefu wa kwenda juu wa mita 3.56 hivi, lina vibao, lina taa za kuonya, na kamera za mtu mmoja wa jirani zimerekodi zaidi ya malori 100 yakijichuna paa pale. Mwaka 2019 wenye reli wakalinyanyua kama sentimita 20, na bado yapo yaliyogonga baada ya hapo. Kibao ukikiona ukiwa umeshaingia kwenye njia isiyo na pa kugeuzia kimeshachelewa, ndo kilichomkuta shem. Faida ya kifaa ni kwamba kinakukataza kilomita 10 kabla, wakati bado una uchaguzi.

Kitu kingine kilichojitokeza baadaye: kwenye lori jingine alilopewa kwa wiki mbili kifaa kilikuwa kinapotea potea. Tukadhani kimekufa. Kumbe kioo cha mbele cha lile lori kina utando wa metali wa kupunguza joto na unazuia mawimbi ya setelaiti, akakisogeza kwenye ile sehemu ya kioo iliyoachwa bila utando nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma, kikatulia. Kwahiyo kabla hujamlaumu muuzaji jaribu kubadilisha mahali, au weka dirishani pembeni uone.

Mpaka leo ni miezi minane. Kifaa bado kipo, ramani tumesasisha mara mbili kwa Wi-Fi ya nyumbani kwangu (inachukua muda, usifanye asubuhi ya safari). Kimemzungusha bila sababu mara kadhaa, kuna siku kilimwongezea kilomita 30 kwa kuogopa barabara ambayo kikomo chake kilishaondolewa, akanung'unika simuni dakika kumi. OsmAnd kaiacha kwenye simu kama shahidi wa pili, vikitofautiana anasimama sehemu pana na kunipigia au kuuliza madereva wenzake. Juu ya kizuia jua chake kabandika karatasi ameandika kwa kalamu nene: 4.09, TUPU. Juzi kabadilishiwa trela tena, na kabla sijamuuliza akanitumia picha ya utepe wa kupimia.